Sauti ya Mtu Mwenye Barakoa: Juu ya Milki, Amana na Santuri

Tarehe 31 Oktoba 2020 alifariki huko Uingereza, nchi aliyozaliwa, Daniel Dumile, mghani wa rap aliyejulikana kwa jina la MF DOOM, naye alikuwa na umri wa miaka 49. Lakini habari ya mauti yake haikutangazwa na mkewe mpaka tarehe 31 Desemba, siku ya kuufunga mwaka, ikawa kwa muda wa miezi miwili kamili watu wa Marekani, wa Ulaya, wa Japani na wa pembe nyingine za dunia waliweka santuri zake juu ya gramafoni, wakashusha sindano, wakatikisa vichwa kwa vina na mizani yake, na huku hawajui kwamba wamsikilizaye ameshazikwa. Hapana aliyesikia tofauti. Sauti ilikuwa nzito na yenye mkwaruzo vile vile kama siku zote, mzaha wake ulikuwa na makali yale yale, na pumzi aliyoivuta baina ya mstari na mstari ilisikika kama pumzi ya mtu aliye hai. Habari ilipowafikia ndipo walipolia, ndipo walipokimbilia madukani, na ndipo bei za santuri zake zilipopanda. Ilhali katika santuri zenyewe hapakuwa na mfuo hata mmoja uliobadilika.

Jambo hili, ambalo kwa nje laonekana kuwa ni habari iliyochelewa tu, kwa ndani limebeba swali ambalo kila mkusanyaji wa santuri, awe amezinunua mpya zingali na harufu ya kiwandani au amezitoa katika masanduku ya vumbi ya duka la vitu vilivyokwisha kutumika, hana budi kulijibu mbele ya dhamiri yake: mtu anapojaza kabati kwa albamu za mghani mmoja, chapa ya kwanza na ya pili na ya tatu, anamiliki nini hasa? Kama ni yule mtu, basi yule mtu alikwisha ondoka na kabati halikupungukiwa na kitu. Kama ni sauti yake, sauti hiyo hiyo imo katika maelfu ya makabati mengine saa ile ile. Na kama ni duara la plastiki na karatasi ya jalada, basi mapenzi haya yote, na fedha hizi zote, na siku hizi zote za kutafuta, vimeelekezwa kwa kitu ambacho wenye hekima wa kila zama wametuonya tusikikabidhi moyo. Nasema, na nitajitahidi kuonyesha, kwamba mkusanyaji hana milki kamili katika hayo matatu. Kwamba alichonacho ni manfaa, na manfaa hayawi ya mtu mpaka yatumike na yafike kwa wengine. Na kwamba santuri iliyokwisha pita mikononi mwa watu hulifundisha jambo hili kwa ufasaha kuliko santuri mpya.

Tumwangalie kwanza mtu mwenyewe, kwa sababu maisha yake yalikuwa ni funzo juu ya swali hili. Alizaliwa London tarehe 13 Julai 1971, baba yake akitoka Zimbabwe na mama yake Trinidad, akachukuliwa angali mdogo mpaka Long Island, katika jimbo la New York, akakulia huko. Yeye na nduguye mdogo, aliyejulikana kwa jina la DJ Subroc, walikuwa katika kundi la KMD, wakatoa albamu ya Mr. Hood mwaka 1991. Lakini mwaka 1993, albamu yao ya pili ilipokuwa ikikaribia kutimia, Subroc aligongwa na gari alipokuwa akivuka barabara kuu, akafa, na mwaka uliofuata kampuni ya Elektra ikakataa kuitoa albamu hiyo, Black Bastards, kwa ajili ya mchoro wa jalada lake ulioonyesha kikaragosi cha dharau kwa watu weusi kikitiwa kitanzi. Mtu aliyepigwa mapigo mawili ya namna hii, kufiwa na ndugu na kunyimwa kazi aliyoifanya pamoja naye, alitoweka katika macho ya watu kwa miaka kadhaa; na aliporejea mwishoni mwa miaka ya 1990, katika vikao vya wazi vya kughani mashairi huko Manhattan, alirejea ameufunika uso wake, kwanza kwa soksi ya kike, kisha kwa barakoa ya chuma ambayo hakuivua mbele ya umma mpaka mwisho wa umri wake. Mwaka 1999 albamu yake ya Operation: Doomsday ikatolewa na Bobbito Garcia katika kampuni yake ndogo ya Fondle 'Em, na baada yake zikafuata nyingine, baadhi yake kwa majina mengine: King Geedorah na Viktor Vaughn mwaka 2003, kisha Madvillainy aliyoifanya na mtayarishaji wa muziki Madlib, na MM..FOOD, zote mbili mwaka 2004.

Sababu ya barakoa aliieleza mwenyewe mara kwa mara: katika zama ambazo muziki huuzwa kwa sura ya mwimbaji, kwa mkufu wake wa dhahabu na kifua chake kilicho wazi, yeye alitaka watu wayasikilize maneno. Maana ya uamuzi huu ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Mpenzi wa mwimbaji aghalabu hutaka kumfikia mwimbaji mwenyewe. Hununua picha yake, huijua nyumba yake, hutaja majina ya watoto wake kama atajavyo ya watoto wa jirani, na hujiona kwamba kwa kila kitu anachokiongeza amesogea hatua moja kuielekea dhati ya yule ampendaye. Mtu huyu aliifunga njia hiyo kwa chuma. Tena alifanya zaidi ya hayo: zilikuwako nyakati ambapo aliyesimama jukwaani kwa jina lake alikuwa mtu mwingine aliyevaa barakoa ile, na waliolipa nauli na tikiti wakaona kiwiliwili kisichokuwa chake. Wengi walighadhibika, na haki yao ya kughadhibika siipingi, kwani mwenye kulipa anastahiki kupata alichokilipia. Lakini hebu tuizingatie hoja iliyozaliwa na tendo hilo, hata kama tendo lenyewe hatulisifu. Katika ukumbi ule kiwiliwili kilikuwapo, nacho kilikuwa cha uongo. Katika santuri kiwiliwili hakipo kabisa, na sauti ni ya kweli. Basi ni wapi alipokuwa mtu huyu zaidi? Na kama jibu ni kwamba katika santuri, mbona santuri hiyo haikujua kwamba amekufa?

Kutojua huko ndiko kunakotupa jibu. Santuri ni athari ya mtu, na athari si mtu. Fundi hukata katika kielelezo mfuo mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati, na kuta za mfuo huo hupinda kwa kufuata mitetemo ya sauti iliyorekodiwa. Kutokana na kielelezo hicho hufanyizwa mihuri ya chuma, na mihuri hiyo hukandamiza plastiki iliyolainishwa kwa moto, zikatoka nakala kwa mamia na maelfu. Siku mtu anapoiweka nakala yake juu ya gramafoni, ikazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kama ilivyokuwa desturi tangu kampuni ya Columbia ilipoleta santuri ndefu mwaka 1948, ncha ya almasi hupita katika bonde lile na kutetemeka kama ilivyotetemeka hewa mbele ya kinywa cha mghani. Ni unyayo wa sauti. Mwenye kuona unyayo mchangani hasemi kwamba amemwona aliyepita. Anasema kwamba alipita mtu hapa, alielekea upande ule, na uzito wake ulikuwa kiasi hiki. Ni elimu kubwa, na mwenye akili huishukuru. Lakini mwenye kuukusanya mchanga ule nyumbani kwake akidhani amemkaribisha mpita njia, huyo amejidanganya.

Watu wa pwani yetu hawahitaji kusafiri mpaka New York ili kulijua hili. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja na wenzake mpaka Bombay, wakaimba mbele ya kinasa sauti cha kampuni ya His Master's Voice, na santuri zile za lakri, ambazo zilizunguka mara 78 kwa dakika na kupasuka kwa kuanguka mara moja, zikaenea katika majumba na maduka ya Afrika Mashariki, zikasikilizwa na watu ambao hawakupata kumwona. Siti alifariki mwaka 1950, na sauti yake haikukoma. Waliomsikiliza katika santuri baada ya mwaka huo walikuwa na hazina, lakini hawakuwa na Siti. Na katika waliomsikiliza akiwa hai, wengi hawakuwa naye vile vile.

Ikiwa basi dhati ya mtu haiingii kabatini, kilichobaki ni kuuliza mkusanyaji ana haki gani juu ya kile kilichoingia. Mafakihi wa Kiislamu, waliozipima mali za wanadamu kwa mizani ya makini, walitenga katika kila mali mambo mawili: kitu chenyewe, na manfaa yanayotokana nacho, wakasema kwamba yawezekana la kwanza likawa mkononi mwa huyu na la pili likawa haki ya yule. Juu ya utengano huo ndipo uliposimama wakfu, ambao kutoka Lamu mpaka Kilwa umejulikana kwa misikiti, visima na mashamba: mnazi huzuiwa usiuzwe wala usirithiwe, na nazi zake huwaendea wale waliokusudiwa, mwaka baada ya mwaka, hata baada ya mwenye kuuweka kusahauliwa jina. Tukiitazama santuri kwa jicho hilo, tunaona kwamba plastiki na jalada ni mali ya aliyezinunua, hapana shaka. Kwamba haki ya kuuchapa wimbo na kuuza nakala zake ni ya warithi na ya makampuni, na sheria itamshika atakayewaingilia. Na kwamba sauti, ambayo ndiyo iliyomfanya mtu akatoa fedha, ilikuwa ni karadha kwa mghani mwenyewe, nayo ilirejea kwa Aliyemkopesha. Fungu la mkusanyaji katika hayo ni manfaa tu, nayo yamo katika tendo la kusikiliza, hayamo penginepo.

Kutokana na hapo ndipo ninapoona kwamba yule anunuaye albamu mpya na kuiacha katika karatasi yake ya nailoni isiyofunguliwa, aiweke rafuni miaka kumi akingoja bei ipande, amejinyima kitu pekee alichokuwa na haki nacho. Ana jalada asilolisoma ndani na sauti asiyoisikia. Sheria ya dini iliwakaripia wenye kulimbikiza dhahabu na fedha bila ya kuzitumia katika heri, na ikawaharimishia wafanya biashara kukificha chakula sokoni ili wakiuze watu watakapodhikika. Na ijapokuwa santuri si chakula, wala hapana atakayekufa kwa kuikosa, tabia inayozalishwa moyoni ni moja. Mfano uliopita mipaka katika mlango huu ni ule wa albamu ya kundi la Wu-Tang Clan iitwayo Once Upon a Time in Shaolin, ambayo ilitengenezwa kwa nakala moja tu, si ya santuri bali ya CD, ikawekwa katika kasha la fedha na kuuzwa mwaka 2015 kwa dola za Marekani milioni 2, kwa sharti kwamba isifanyiwe biashara kwa miaka 88. Waliofanya hivyo walitaka kuirejeshea kazi ya muziki heshima ya kazi ya sanaa iliyo peke yake duniani, na nia hiyo naielewa. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu mmoja aliweza kununua ukimya wa watu wengine wote.

Hata hivyo, insafu yanidai nitaje hoja ya upande wa pili, nayo ni hoja yenye nguvu. Kusikiliza ni kutumia, na kutumia ni kumaliza: almasi inapopita katika plastiki huichubua kidogo kidogo, vumbi huingia katika mfuo, na santuri iliyopigwa kila usiku katika karamu huishia kuwa na mlio wa kukaanga unaomfunika mghani. Kama wote wangepiga santuri zao bila ya kujali, vizazi vya mbele visingekuta kitu. Tena wako wenye kuficha ambao ulimwengu una deni kwao: albamu ya Black Bastards iliyokataliwa na kampuni haikupotea, kwa sababu nakala zilibaki mikononi mwa watu, zikapitishwa kwa siri kutoka mkono hadi mkono, mpaka ulipofika wakati ikatolewa hadharani. Hifadhi ni wajibu, na asiyehifadhi hana cha kuwashirikisha wengine.

Mafakihi nao walikutana na tatizo hili kabla yetu. Wengi wao walisema kwamba kitu ambacho kukitumia ndiko kukimaliza, kama vile chakula, hakifai kuwekwa wakfu, kwa sababu hapana kinachobaki. Lakini kitabu, ambacho kila mkono unaokifungua hukichakaza, walikikubali, na maktaba za madrasa za ulimwengu wa Kiislamu zikajaa vitabu vya wakfu vyenye kurasa zilizolainishwa na vidole vya wanafunzi. Santuri imo katika daraja la kitabu. Uchakavu wake ni wa polepole, unapunguzwa kwa uangalizi, na ni uchakavu unaostahiki, kwa kuwa kila kiasi kilichopungua katika plastiki kimeingia katika sikio la mtu. Basi hifadhi iliyo sahihi ni ile inayokusudia matumizi: kuisafisha, kuisimamisha wima isipinde, kuiweka mbali na jua, kubadilisha sindano iliyokwisha kabla haijaharibu mfuo, na kisha kuipiga. Kuhifadhi ili isipigwe kamwe ni kuuhifadhi mlango na kulisahau jumba.

Na hapa yafaa kukumbuka namna muziki huu wa hip hop wenyewe ulivyozaliwa, kwa sababu hapana sanaa nyingine iliyotoka tumboni mwa santuri kuukuu kama hii. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo nambari 1520 la Sedgwick Avenue huko Bronx, kijana mwenye asili ya Jamaika aliyejulikana kwa jina la DJ Kool Herc alipiga muziki katika karamu ya dada yake. Na katika siku hizo aligundua kwamba wachezaji hungojea kile kipande kifupi ambapo waimbaji hunyamaza na ngoma hubaki peke yake, akachukua nakala mbili za santuri moja, akawa akikirudia kipande hicho kwa kupokezana baina ya gramafoni mbili. Santuri zake zilikuwa za watu wengine, za miaka iliyopita, na kutokana nazo akafanya jambo jipya. Herc naye alikuwa akizilowesha santuri zake katika maji ili kubandua karatasi ya katikati yenye jina, wapinzani wake wasijue ni zipi. Lakini siri ile haikudumu, wenzake wakazitafuta na kuzijua, na kujua huko ndiko kulikoifanya hip hop ikawa ya ulimwengu badala ya kuwa ya ukumbi mmoja. Elimu iliyofichwa ilimpa mtu mmoja sifa ya msimu. Ilipofichuka iliwapa watu wengi kazi, lugha na heshima.

Mghani wetu wa barakoa alikuwa mrithi wa desturi hiyo. Katika wimbo wake wa Doomsday mna kipande cha wimbo wa Sade. Na muziki mwingi wa Madvillainy, albamu yenye nyimbo 22 zisizofika dakika 50, Madlib aliutengeneza katika chumba cha hoteli huko São Paulo, Brazil, akiwa na gramafoni ndogo ya kuchukulika, mashine ya kukatia vipande vya sauti, na rundo la santuri kuukuu alizozinunua katika mji ule. Nani alizimiliki santuri zile kabla yake? Watu wa Brazil ambao hawakujulikana, waliozicheza harusini na sebuleni, wakazichoka au wakafa, warithi wao wakaziuza kwa bei ya chini kwa dalali, na dalali akamuuzia mgeni. Kama wale wa kwanza wangezizika, albamu ambayo leo wakusanyaji wanaitafuta kwa bidii isingekuwako. Yule aikusanyaye Madvillainy kwa hiyo amekusanya matunda ya wakusanyaji wengine, naye hawezi kwa haki kudai kwamba mnyororo uliofika kwake uishie kwake.

Nimeitumia kauli ya mnyororo kwa makusudi, maana wanazuoni wa hadithi hawakuikubali habari mpaka waijue isnadi yake: nani aliipokea kwa nani, mpaka kwenye chanzo. Santuri iliyokwisha kutumika huja na isnadi yake juu ya mwili wake. Juu ya karatasi ya katikati mna jina la mtu lililoandikwa kwa kalamu ya wino. Juu ya uso wa jalada mna alama ya duara iliyochorwa na kusuguliwa kwa miaka ya kuingizwa na kutolewa rafuni. Penginepo mna kipande cha utepe alichokibandika DJ ili ajue gizani mahali sindano inapopasa kushuka. Na katika wimbo fulani mna mchubuko mmoja unaosikika mara moja kwa kila mzunguko, pengine ni ishara kwamba hapo ndipo aliyetangulia alipopenda kurudia. Hayo yote mnunuzi wa pupa huyahesabu kuwa ni kasoro na hupunguza bei kwa ajili yake. Mimi nayahesabu kuwa ni ushahidi. Yananiambia kwamba kitu hiki kilikuwa cha mwenzangu ambaye naye alidhani ni chake, na kwamba njia iliyokileta kwangu, iwe ni dhiki, kuhama, kuchoka au mauti, iko wazi mbele yangu pia. Mwenye kuisoma isnadi hiyo kila anapoishika santuri hawezi kughurika sana na milki yake.

Lakini nisije nikadhaniwa kwamba nawashauri watu waache kununua mpya. Liko suala la haki ya mfanya kazi, na juu ya hilo hawahitilafiani watu wa dini wala wa dunia: anayefanya kazi apewe ujira wake. Santuri kuukuu ikiuzwa, fedha humwendea muuzaji na dalali. Mtunzi aliyeuza mara ya kwanza hapati tena kitu, wala warithi wake. Chapa mpya, ikiwa imetolewa kwa ridhaa ya wenye haki, huleta fungu kwa mjane na yatima. Na ikiwa katika Marekani peke yake, mwaka 2022, ziliuzwa santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1987, basi fedha hizi si haba, na kuzielekeza mahali pa haki ni ibada ya aina yake. Kwa hiyo mkusanyaji mwenye insafu anunue mpya kwa ajili ya haki na kuukuu kwa ajili ya ibra; na ajihadhari na nakala za wizi, zinazochapwa bila ya idhini na kuuzwa kwa jina la mtu aliyekufa, kwa sababu hizo humdhulumu asiyeweza tena kujitetea.

Limebaki suala la moyo, nalo ndilo la mwisho na ndilo gumu. Najua kwamba wako wanazuoni waliozikataza ala za muziki kabisa, na wako waliozikubali kwa masharti. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka mlango mzima wa kitabu chake kikuu juu ya kusikiliza, na muhtasari wa rai yake ni kwamba sauti haipandi moyoni kisichokuwamo, ila huamsha kilichomo. Mizani hiyo yafaa kwa mkusanyaji kama inavyofaa kwa msikilizaji. Ikiwa ndani ya mtu mna kiburi, santuri ya nadra itakiamsha kiburi, naye ataitaja mbele ya wageni kabla ya kuipiga. Ikiwa mna uchu, albamu ya kumi itamtia kiu ya ya kumi na moja, na hapana idadi itakayomtosheleza. Na ikiwa mna mapenzi ya kweli kwa ufundi wa maneno, ataisikiliza albamu moja mpaka aone jinsi mtu yule alivyopanga vina vinne na vitano ndani ya mstari mmoja bila ya kupoteza maana, atastaajabu kwamba akili ya mwanadamu imepewa uwezo huu, na mshangao wake utamfikisha kwa Mwenye kuipa. Kwa mtu wa kwanza na wa pili santuri ni kizuizi. Kwa wa tatu ni daraja. Tofauti haimo katika kabati.

Wala asidhani mtu kwamba daraja hili laweza kujaribiwa kwa maneno matupu. Lina vipimo vyake, navyo ni vya matendo. Je, santuri uliyoitafuta kwa miaka umeipiga mbele ya kijana asiyekuwa na uwezo wa kuinunua, ukamweleza ilitoka wapi? Je, ukiwa na nakala mbili, unaweza kuitoa moja kwa rafiki bila ya kuuliza bei yake sokoni? Je, umeandika katika wasia wako, ndani ya theluthi ambayo sheria imekuachia, mahali zitakapokwenda, iwe ni maktaba, chuo cha muziki au mtu anayezijua, ili wanao wasiziuze kwa kilo kwa kutojua, wala wasigombane juu yake kwa kujua nusu? Mwenye kujibu ndiyo, huyo ameshika amana, na hata kabati lake likijaa mpaka darini simhesabu kuwa mlimbikizaji. Mwenye kujibu la, hata akiwa na santuri tatu, zimemmiliki.

Miezi miwili ile ya mwaka 2020, ambayo watu walimsikiliza maiti wakidhani ni hai, haikuwadanganya wasikilizaji; iliwafunulia hali iliyokuwapo tangu mwanzo, kwamba walichokuwa nacho siku zote kilikuwa ni athari njema iliyowekwa mikononi mwao kwa muda. Waliolielewa hilo waliendelea kusikiliza kama zamani, wakamwombea rehema, wakawaita wengine waje wasikilize. Wasiolielewa walikimbilia madukani kumnunua asiyenunulika. Na imani yetu yasema kwamba kila mtu ataulizwa juu ya mali yake, aliipata wapi na aliitumia katika nini; santuri ni mali kama mali nyingine, na katika maswali hayo mawili, anayekusanya kwa fedha ya halali huwa na jibu la lile la kwanza, ila lile la pili halijibiwi kwa idadi ya majalada, hujibiwa na wale waliosikia.